Jiwe la Wimbi na Namba Mia Sita na Tisa

Aliyepigilia misumari dirisha la chumba cha mashine anaitwa Momanyi. Naanza na jina lake kwa sababu kwenye ripoti ya mradi jina lake liko mahali pa sifa, na langu liko kwenye mstari unaosema mfanyakazi mmoja alikiuka maagizo. Mfanyakazi mmoja ni mimi, Moraa wa Gesima. Shule niliacha darasa la sita. Mkono wangu wa kushoto una vidole vitatu. Nyinyi vijana mnaoingia maabara na makoti meupe, nivumilieni kidogo. Miaka ile ya tisini nilijifunza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza, basi nitalisema bila kuulizwa.

Mradi wenyewe ulikuwa wa kupima miale inayotoka kwenye udongo na mawe ya Kisii na Nyamira. Walikodi chumba mjini Kisii, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi la Bi Hansa, mama wa Kihindi aliyezaliwa papa hapa na anayejua matusi ya Ekegusii kuliko mimi. Momanyi alikuwa mkuu wa kituo. Fundi wa mashine alikuwa Achieng', msichana wa kando ya ziwa, mwembamba, mwenye haraka ya kucheka. Mimi niliajiriwa kufagia. Baada ya mwezi nilikuwa nafagia, naponda udongo, napanga karatasi na kulisha mashine baridi yake.

Ndiyo, ilikula baridi. Ndani yake kulikuwa na jiwe dogo la kung'aa ambalo Achieng' aliliita jicho. Jicho hilo halioni vizuri likiwa na joto, linatetemeka kama mtu mwenye malaria na kuona visivyokuwepo. Likipozwa kwa naitrojeni ya maji, baridi ambayo barafu mbele yake ni uji wa moto, linatulia. Hapo kila chembe ya mwale inayoligonga, wao wanaiita fotoni, linaipima nguvu yake na kuitupa kwenye chumba chake. Mashine ilikuwa na vyumba maelfu vimepangwa mstari, vya fotoni dhaifu huku mwanzo, vya zenye nguvu kule mwisho. Baada ya saa kadhaa unatoa karatasi na kuona vilima: hapa zimejazana, pale hakuna kitu. Kila kilima kina mwenyewe. Ukijua nguvu yake kwa hakika, umejua ni nani.

Lakini chumba namba fulani ni nguvu kiasi gani? Mashine haijui. Ni wewe unayeiambia. Unaiwekea kitu unachokijua, unatazama kimesimama chumba gani, halafu unachora mstari. Sisi tulikuwa na visahani vitatu vidogo kama vifungo vya koti, vimefungiwa kwenye sanduku la chuma. Kimoja cha nguvu ndogo, kimoja cha nguvu kubwa, na kimoja cha katikati, kinachosimama kwenye nguvu ya mia sita sitini na mbili. Hicho cha katikati kilikuwa cha sizi, yaani cesium, ule uchafu ulioanguka na mvua baada ya watu wa mbali kulipua mabomu yao. Shikeni hiyo namba.

Naitrojeni tuliipata Nyansiongo, kwa watu wanaopandisha ng'ombe kwa sindano, maana hata mbegu za fahali zinatunzwa humo. Nilikwenda na pikapu ya mradi kila wiki. Nikirudi na mtungi, wanaume wa pale sokoni walikuwa wakiniuliza nimebeba mafahali wangapi, na kama kuna wa kwao. Nilikuwa nawajibu kwamba wao hawahitaji fahali, wanahitaji mganga.

Siku yangu ya kwanza niliuziba ule mtungi kwa kizibo nikakikaza vizuri, kama mtu anavyofunika chungu cha pombe. Tulipofika kwenye mashimo ya barabara kizibo kiliruka kikagonga paa la pikapu, dereva akaacha usukani akakumbatia mlango. Achieng' alicheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza aliniambia, "Dada, usiuzibe. Huyu anapumua. Ukimziba pumzi atatafuta njia, na njia yake itakuwa uso wako."

Yeye ndiye aliyenifundisha yote. Glavu ivaliwe pana, ya ngozi, inayochomoka ukitikisa mkono. Ya kitambaa usiguse, kwa sababu ikilowa naitrojeni inakushika kama gundi, afadhali mkono mtupu. Mimina polepole. Dirisha liwe wazi, kwa sababu naitrojeni ikigeuka hewa inajaza chumba na kusukuma nje ile hewa tunayoishi nayo. Hainuki wala haikohoshi. Hata kukuuma haikuumi. Unasikia tu usingizi mtamu.

Na alinifundisha jambo la mstari uliopinda, ingawa hilo nilikuwa nalijua nusu kabla sijamwona.

Kabla ya mradi nilikuwa msaidizi kwenye kituo cha majani chai huko Gesima. Karani wetu aliitwa Ogeto, naye namtaja. Mizani yake ya kuning'iniza ilikuwa ya spring. Asubuhi alikuwa anaijaribu kwa jiwe dogo mbele ya watu wote, inasoma sawasawa, kila mtu anaridhika. Lakini gunia likiwa zito ile spring inafika mwisho wa nguvu zake, inakaza, mshale unakataa kushuka. Akina mama wa Gesima hawakusoma spring popote, ila waligundua kwamba gunia moja ukiligawa mara mbili, nusu mbili zinakuwa nzito kuliko gunia zima. Wakaanza kuja na vigunia vidogo vidogo. Ogeto aligomba kwamba wanarefusha foleni. Hakugomba kwamba wamekosea.

Nilipomsimulia Achieng' hayo aliacha kalamu. Akasema hiyo ndiyo mashine yetu. Mpya na nzima hupinda kidogo tu, unywele. Ila yetu ilikuwa imeletwa ikiwa imechoka, na kwa fotoni zenye nguvu nyingi ilikaza kama spring ya Ogeto. Akanichorea upinde na kamba yake. Upinde ni ukweli wa mashine, kamba ni rula ya mtu mvivu. Miisho inakutana kote kuwili, ndiyo maana ukipima miisho tu utadhani uko sawa. Katikati kuna nafasi, na humo uongo unakaa bila kusumbuliwa. Kwa hiyo, alisema, usiwahi kuipima bila kile kisahani cha katikati.

Sasa kisahani cha katikati kilipotea.

Hakikupotea chenyewe. Momanyi alikichukua kwenda nacho kwenye siku ya sayansi ya shule moja, akawaonyeshe wazazi kwamba yeye ni mtu wa miale. Alikisahau huko, na kilikuja kupatikana baadaye sana ndani ya droo ya chaki. Badala ya kusema nimesahau, alisema wezi wameingia. Na mtu akishasema wezi wameingia, lazima afanye jambo la wezi. Alinunua misumari kwa Bi Hansa na kulipigilia dirisha ubao. Akatoa amri kwamba mlango ufungwe kwa ufunguo wakati wote, hata ukiwa ndani. Mtungi hatukuuziba, chumba tukakiziba. Achieng' hakuyaona hayo, alikuwa amekwenda kwao kumuuguza mama yake.

Wiki hiyohiyo zamu ilifika ya udongo wa malisho ya Kerubo, mjane wa Nyansiongo. Alikuwa na ng'ombe wanne, maziwa yao ndiyo yaliyokuwa yakilisha nyumba nzima. Momanyi alipima mashine peke yake, kwa visahani viwili vilivyobaki, akavuta rula kutoka mwanzo mpaka mwisho. Akaweka udongo. Kesho yake akatoka na karatasi kama aliyeshinda kura. Kilima kikubwa kimesimama mia sita sitini na mbili. Uchafu wa mabomu, kwenye nyasi za Kerubo. Alisema Ijumaa anapeleka barua kwa chifu: maziwa yasiuzwe, ng'ombe wachinjwe na kuzikwa kwenye chokaa.

Kerubo alikuja mwenyewe Jumanne na leso kichwani. Momanyi alikataa kumwona, akanituma nimwambie kwamba kazi ya mradi ni siri. Nilikaa naye kwenye ngazi ya nyuma ya duka. Hakulia. Aliniuliza kama mimi ni mtu wa Gesima, nikasema ndiyo, akauliza nimeolewa kwa nani, nikamwambia. Halafu akasema, "Mwambie huyo mkubwa wako maziwa hayo nimeyanywa nikiwa na mimba tano. Watoto wote watano wanaweza kuja hapa wamsalimie."

Alipoondoka nilichukua ile karatasi kwenye jalada. Mimi ndiye niliyekuwa napanga karatasi, vilima vyake nilivijua kwa sura kama unavyojua migongo ya majirani. Kila udongo wa milima yetu, wa Nyamarambe, wa Gesima, wa popote, una kilima kirefu kwenye mia sita na tisa. Hicho si uchafu wa mtu, kinatoka kwenye ardhi yenyewe tangu ilipoumbwa. Achieng' alikuwa akikiita mwenyeji. Kwenye karatasi ya Kerubo mwenyeji hayupo. Hapo jirani tu, mia sita sitini na mbili, amesimama mgeni mwenye umbo lilelile la mwenyeji. Nikajiuliza, mwenyeji amehama lini shamba la huyu mama tu, na mgeni amekuja lini akavaa nguo zake?

Nilimwambia Momanyi. Nilimwambia kwa adabu, nimesimama. Kwamba bwana mkubwa, labda tumepima miisho miwili na katikati pamepinda. Hakuinua kichwa.

"Mama wa ufagio," alisema, "wewe soma vumbi. Karatasi niachie mimi."

Nikasoma vumbi mpaka saa kumi. Nilipokuwa nafagia nilitafuta kichwani kitu kimoja tu: kitu ambacho nina hakika uchafu wa mabomu haumo. Kikiwekwa kwenye mashine nayo iseme mia sita sitini na mbili, basi mashine ndiyo yenye uchafu. Udongo wowote mvua imeunyeshea. Inatakiwa kitu cha zamani kuliko mabomu, tena ndani yake, pasipofika mvua.

Jumatano jioni nilimkuta mama mkwe akipura maharagwe. Jiwe la kusagia wimbi lilikuwa mahali pake kando ya jiko, la kijivu, limelika katikati kama mgongo wa punda mzee. Alilikuta hapo alipoolewa, na mama mkwe wake alilikuta pia. Mdomo wa sanduku la madini ya risasi linalofunika jicho, ambamo tuliweka cha kupimwa, haukuzidi sufuria ndogo, kwa hiyo hata ningetaka kulibeba zima lisingeingia. Nilimwambia ninachotaka. Alisema hapana kabla sijamaliza.

"Jiwe hili ndilo lililonipokea," alisema. "Mama mkwe wangu alikuwa hasemi na mimi. Nilikuwa nasema nalo."

Nikakaa nikamsaidia kupura. Baadaye aliuliza ng'ombe wenyewe ni wa nani. Nikamwambia ni wa Kerubo, mjane, wanne. Alipepeta maganda kidogo. Kisha akainuka akachukua ungo wake. "Usilivunje mbele yangu," akasema, akaenda migombani.

Nilitumia mgongo wa shoka. Liligawanyika pigo la tatu, nusu mbili na vipande. Nikachukua vipande vya moyoni, vyeupe, vilivyokuwa havijaona jua wala mvua.

Alhamisi asubuhi Momanyi alikuwa amekwenda kumtayarisha chifu kwa mdomo kabla ya barua. Naitrojeni ndani ya mashine ilikuwa karibu kwisha, jicho lingeanza kupata joto. Niliweka jiwe ndani ya sanduku la risasi, nikabonyeza mahali Achieng' aliponionyesha, mashine ikaanza kuhesabu. Halafu nikavaa glavu, na glavu zilizokuwepo zilikuwa za kitambaa kwa sababu za ngozi Momanyi alizibeba kwenye pikipiki yake. Nikainua mtungi kujaza. Na mlango nilikuwa nimeufunga kwa ufunguo. Huyo mkosaji naye namtaja: ni Moraa. Niliogopa amri kuliko nilivyoogopa nilichojua.

Nakumbuka ukungu mweupe miguuni, mzuri. Nakumbuka nikifikiri nikae kidogo. Mtungi ulianguka, naitrojeni ikanywewa na ile glavu ya kushoto. Sikusikia maumivu.

Bi Hansa alisikia kishindo. Aliniita, kimya. Kwa kuwa chumba ni chake alikuwa na ufunguo wa pili. Mtu mwingine angekimbilia ndani akalala kando yangu, na hilo limetokea kwa watu wengi, basi shikeni na hili: usimfuate aliyeanguka kwenye hewa mbaya. Yeye alifungua mlango wazi kabisa, akapiga magoti nje ya kizingiti, uso ameugeuzia nje, akaingiza mikono tu, akanishika miguu na kunivuta. Kisha akachukua nyundo dukani akazunguka nyuma na kuung'oa ule ubao wa dirisha. Aliniambia baadaye kwamba misumari aliyoiuza kwa mkono wake aliitoa kwa mkono wake, na kila mmoja aliusindikiza na jina la mama yake Momanyi.

Walinipeleka hospitali. Mashine haikujua kwamba nimeanguka. Baridi niliyowahi kuijaza ilitosha, ikaendelea kuhesabu.

Achieng' alirudi mchana huo kutoka kwao, akakuta ubao chini, mtungi chini, na Bi Hansa akilinda mlango na nyundo. Akafungua sanduku la risasi kuona ninapima nini, akakuta vipande vyeupe vya jiwe vilivyopakaa unga wa wimbi. Alielewa papo hapo, hakuhitaji mimi kumweleza. Akatoa karatasi. Kwenye moyo wa jiwe la kusagia lililokuwa jikoni kabla bomu halijabuniwa, mashine ilikuwa imesimamisha kilima mia sita sitini na mbili: mwenyeji yuleyule, amesogezwa na rula ya Momanyi.

Alipanda gari mpaka Nyansiongo na karatasi mbili, ya udongo na ya jiwe. Alimkuta Momanyi kwa chifu, chai mbele yake. Chifu mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Achieng' aliwaamkia wakubwa kwanza, kama mtoto aliyelelewa. Kisha akaziweka karatasi moja juu ya nyingine, akaziinua dirishani kwenye mwanga, vilima vikalaliana. Akamwambia Momanyi, "Bwana mkubwa, basi barua ziandike mbili. Ya pili waambie wachinje jiwe la nyanya wa Gesima."

Chifu alicheka, na kicheko cha chifu ndicho kilichookoa ng'ombe, si sayansi. Barua haikupelekwa.

Mimi nilikatwa vidole viwili. Mradi ulituma barua nyingine, ya kunishukuru na kuniachisha kazi, kwa kutumia mashine na naitrojeni bila ruhusa. Kwenye ripoti imeandikwa kwamba mkuu wa kituo aligundua hitilafu ya mstari na kuisahihisha. Achieng' alikataa kutia sahihi, wakamhamisha. Momanyi alipanda cheo. Nimesikia siku hizi anafundisha watu usalama kazini. Sitasema nimemsamehe, kwa sababu hajawahi kuniomba.

Kerubo aliniletea maziwa lala kwenye kibuyu, akammiminia mama mkwe kikombe cha kwanza. Mama mkwe aliyanywa yote. Akafuta mdomo, akauliza ng'ombe gani ametoa haya, akatajiwa jina, akaitikia. Wimbi tulianza kupeleka posho mill, kwa mashine ya kusaga.

Nusu moja ya jiwe inashikilia mlango wangu usipigwe na upepo. Nyinyi mnaopima nguvu za fotoni kwa mashine za baridi kuliko yetu, na nasikia zenu zinapinda zaidi, mkipita Gesima ulizeni kwa Moraa wa vidole vitatu. Nitawavunjia kipande mwende nacho. Kiwekeni katikati ya vile mnavyovijua. Kitasimama mia sita na tisa. Kikisimama pengine, msije kumwambia mtu yeyote habari za ng'ombe wake.